Mdomo, shingo, tumbo na kitako: kuchagua chombo cha kupangia maua

Ukisimama mbele ya vyungu vya Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, au ukipekua vyombo vya kioo sokoni Kibuye, jicho huvutwa kwanza na rangi na umbo. Lizuie kidogo. Kazi ya kwanza ya chombo cha maua ni kuweka maji ya kutosha. Ya pili ni kushika mashina yabaki pale ulipoyaweka. Ya tatu ni kusimama imara, upepo ukivuma au mtoto akigonga meza. Uzuri unakuja wa nne.

Ndiyo maana chombo hukaguliwa kwa mkono kabla ya jicho. Tia vidole mdomoni, pima shingo, pima kina cha tumbo kwa kijiti, sukuma kitako. Hayo manne yatakuambia ni maua gani yatakaa humo, na mangapi, kabla hujatoa pesa.

Mdomo

Kosa linaloonekana kuliko yote ni mdomo uliozidi maua. Mtu ananunua shada la mawaridi 10, anayatia kwenye chombo chenye mdomo wa sentimita 15, na mawaridi yote yanalala ukingoni na kuacha shimo katikati. Anadhani maua ni machache, anarudi sokoni kuongeza. Maua yalitosha. Kinyume chake nacho kipo: mdomo wa sentimita 3 ukilazimishwa kumeza mashina 10, ngozi ya mashina huchubuka, na huwezi kubadilisha maji bila kuvuruga mpango mzima. Matokeo yake maji hayabadilishwi, yanaoza.

Kipimo chake ni rahisi. Shika shada kwa mkono mmoja, pale ambapo litakutana na mdomo wa chombo. Zungusha uzi mahali hapo, ulaze uzi huo kwenye rula, kisha ugawe urefu wake kwa tatu. Jibu ndilo upana wa shada. Ongeza upana wa kidole kimoja kinene, yaani karibu sentimita 2, na huo ndio mdomo unaoutafuta. Kwa mfano, uzi ukipima sentimita 12, shada lina upana wa 4, basi tafuta mdomo wa 6. Kwa mawaridi 10 ya kawaida utaishia kwenye mdomo wa sentimita 5 hadi 7; kwa mawaridi 20, sentimita 7 hadi 10. Nenda sokoni na kijiti ulichokitia alama ya kipimo hicho, kwa sababu macho hudanganya sana kwenye midomo ya duara.

Kwa anayeanza, umbo tunalolipendekeza kuliko yote ni lile la mtungi mdogo: tumbo pana, shingo iliyobana, na mdomo uliofunguka kidogo juu ya shingo. Shingo hushika mashina, mdomo huyaacha yamwagike nje kwa ustaarabu, tumbo huweka maji mengi. Ukiyapanga mashina yakipishana kwa mshazari wa upande mmoja, kama kuni za moto wa mafiga, yatafungana yenyewe shingoni na hutahitaji kitu kingine cha kuyashika.

Chombo kilichonyooka kama bomba ni kigumu zaidi kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa hakina mahali pa kubana. Kile kinachopanuka kuanzia chini hadi juu, kama glasi ya kunywea, ndicho kigumu kuliko vyote. Kinafaa shada nene lililofungwa kwa uzi kabla ya kuingizwa, si mashina ya mojamoja.

Ikiwa chombo unacho tayari na mdomo wake ni mpana, zipo njia za kuupunguza bila kununua kingine.

Selotepu ndiyo ya haraka. Futa ukingo mpaka ukauke kabisa, kwa sababu tone moja la maji litaifanya ibanduke usiku. Vuta vipande vyembamba kutoka ukingo hadi ukingo, vinne kwenda na vinne kukatiza. Kwenye mdomo wa sentimita 12 utapata vijidirisha vya karibu sentimita 2.4, vinavyotosha shina moja la waridi na jani la kusindikiza. Ncha za selotepu zishuke nje kwa sentimita 1 tu, kisha uzungushe kipande kimoja kuzunguka ukingo kuzifunga. Majani na maua ya pembeni yataificha. Mimina maji kabla ya kufunga selotepu, si baada. Ukimwagia juu yake inalegea.

Wavu wa kufugia kuku ndio bora kwa bakuli pana na vyungu visivyopitisha mwanga. Chukua wenye matundu ya karibu sentimita 5. Kwa bakuli lenye upana wa sentimita 15, kata kipande cha sentimita 45 kwa 45, ukunje kiwe mpira uliolegea wenye tabaka mbili au tatu, kisha usukume ndani ubane kuta. Usiukaze. Ukikaza sana, matundu hupotea na mashina laini huvunjika yakipenya. Ukibaki ukiyumba, ufunge kwa selotepu mbili zilizokatizana juu. Vaa glavu, au angalau kunja ncha zote zilizokatwa ziangalie ndani. Kwenye kioo usiutumie: utakwaruza, na utaonekana.

Matawi nayo hufanya kazi hiyo bure. Vipande vya matawi ya mkalitusi au msaiprasi, vikisimamishwa vikipishana ndani ya chombo, hushika mashina ya maua vizuri. Yavue majani yote yatakayozama.

Halafu kuna sponji ya maua, ile ya kijani ambayo wengi huiita Oasis. Inashika kila ua mahali pake, ndiyo maana wapambaji wa harusi huipenda. Lakini ina masharti. Ilaze juu ya maji ndani ya karai na uiache izame yenyewe; itachukua kama dakika moja. Ukiikandamiza chini kwa mkono, nje italowa na katikati patabaki pakavu, na ua ambalo shina lake limeishia hapo kwenye ukavu litanyauka saa chache baadaye huku jirani zake wakiwa wazima. Hapo ndipo watu hulaumu maua. Ipachike ikiinuka sentimita 2 au 3 juu ya ukingo ili uweze kuchomeka maua ya kuinamia pembeni, na uache nafasi ya kidole upande mmoja wa kumiminia maji ya kuongeza. Tundu ukishalitoboa usilirudie, na sponji iliyokauka usiilowanishe tena. Ni plastiki, haiozi, na vumbi lake huenda na maji hadi mitaroni. Kwa chombo cha nyumbani hatuoni sababu ya kuitumia pale wavu au matawi yanapotosha.

Kina, tumbo na urefu

Kanuni ya kale ya wapangaji maua ni kwamba sehemu ya maua inayoonekana juu ya ukingo iwe kati ya urefu mmoja na mmoja na nusu wa chombo. Chombo cha sentimita 16 hubeba maua yanayoinuka hadi sentimita 24 au 25 juu yake. Ukijumlisha sentimita 15 zilizo ndani, shina zima ni sentimita 40. Mawaridi ya Naivasha yanayouzwa mitaani Nakuru na Kisumu mara nyingi yana mashina ya urefu huo au mafupi zaidi, kwa hiyo chombo cha sentimita 30 ambacho wengi hukinunua kwa kuwa kinapendeza dukani huyameza mawaridi hadi kooni. Kwa mawaridi ya soko, nunua chombo cha sentimita 14 hadi 18. Kile cha sentimita 30 hadi 35 kiache kwa gladioli, ambazo mashina yake hufika sentimita 90.

Kwa bakuli la chini lisilo na kimo, hesabu hugeuka: tumia upana badala ya urefu.

Kila ua lina kiu yake. Waridi hunywa sana, hasa siku ya kwanza, basi kwa mawaridi 10 tafuta tumbo la lita 1 hadi 1.5. Jerbera ni tofauti kabisa. Shina lake lina vinyweleo na huoza upesi likizama, kwa hiyo linataka maji ya sentimita 5 hadi 8 tu, na chombo kirefu chenye mdomo mwembamba cha kuliegemeza shingo. Ukiliweka jerbera kwenye jagi pana lililojaa maji, litainamisha kichwa hata kabla petali hazijachoka. Arumu, yale maua meupe ya faneli yanayoota kando ya vijito vya nyanda za juu, nayo yana shina laini la sponji. Yape maji machache na ukingo usio na makali, maana shina hukatika kwa urahisi likiegemea ncha.

Kitako

Jaza chombo maji, weka kidole ukingoni na usukume taratibu. Kikiinua kitako kwa msukumo mdogo, hakifai chochote kirefu. Kisumu mchana upepo huvuma kutoka ziwani, na chombo chembamba kilicho dirishani au kwenye veranda hakimalizi jioni.

Wengi hutia kokoto ndani ili kuongeza uzito. Wanasahau kwamba kokoto zikijaza nusu ya tumbo, maji yanayobaki ni machache, na uchafu hujificha katikati yake usionekane. Njia nzuri ni hii: weka kokoto au mchanga mkavu kwenye chombo cha nje, kisha simamisha ndani yake kopo au chupa iliyokatwa, na hilo ndilo liwe na maji na maua. Uzito unabaki chini, maji yanabaki safi, na ukitaka kubadilisha unatoa kopo peke yake.

Chungu cha udongo

Hapa ndipo Magharibi na Nyanza tuna utajiri ambao watu wengi huupita wakienda dukani kununua kioo kutoka nje. Chungu cheusi au cha kahawia chenye maua meupe au ya manjano hakihitaji pambo jingine. Lakini chungu kina tabia zake, na ni lazima uzijue.

Kwanza kigonge kwa kifundo cha kidole, ukiwa umekiweka juu ya kiganja kilichofunguka. Chungu kizima hulia mlio mrefu, safi. Chenye ufa hutoa mlio mfupi, uliokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni. Gonga sehemu tatu: karibu na mdomo, tumboni, na chini.

Pili, vyungu vya kienyeji huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni na nyasi, usiofikia joto la tanuri. Udongo wake hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana, na maji hupenya polepole hadi nje. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi: yale yanayotoka nje yanakauka na kuondoka na joto. Kwa kunywa ni neema. Kwa maua ni neema nusu. Maji baridi huyafaa, ila meza itapata duara jeupe la unyevu, na chungu kilichojaa asubuhi kitakuwa kimepungua kufikia jioni.

Kijaribu hivi. Kijaze maji, kiweke juu ya gazeti usiku kucha, kwa muda wa saa 12. Gazeti likibaki kavu, una bahati. Likiwa na unyevu wa kugusa tu, sahani au mkeka chini yake utatosha. Likilowa, una njia mbili.

Njia tunayoiamini ni kutia kopo ndani. Chupa ya soda ya plastiki ya lita 2 iliyokatwa shingo, au kopo la maziwa ya unga, huingia kwenye vyungu vingi vyenye mdomo mpana. Lisimame sentimita 2 chini ya ukingo lisionekane. Kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Kenya Agosti 2017, wengi walizoea kutandika mfuko wa plastiki ndani ya chungu, na hata wakati huo haikuwa kazi nzuri: shina lililokatwa kwa mshazari lina ncha kali, hutoboa mfuko, na hujui mpaka meza imelowa.

Njia ya pili, kwa chungu chenye mdomo mwembamba usioingiza kopo, ni nta ya mshumaa. Kianike chungu juani siku tatu. Kikiwa na unyevu ndani, nta itabanduka kama ganda. Yeyusha mishumaa miwili au mitatu ndani ya mkebe uliosimamishwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Usiuweke mkebe juu ya moto wenyewe, nta huwaka. Chungu kikiwa bado na joto la jua, mimina nta ndani na ukizungushe haraka mpaka kuta zote zipate, kisha umwage inayobaki. Kiache kipoe, ukijaribu tena juu ya gazeti. Baada ya hapo usikioshe kwa maji ya moto kamwe.

Wako wanaokomaza chungu kwa kuchemsha uji ndani yake ili wanga uzibe vitundu, kama ifanywavyo kwa chungu cha kupikia. Kwa maua usifanye hivyo. Wanga huo hulisha bakteria ndani ya maji, na bakteria ndio wanaoziba mirija ya shina isipandishe maji.

Mtungi wa asili una kitako cha mviringo kwa sababu ulitengenezwa kukaa juu ya mafiga au kwenye mchanga wa pembe ya nyumba. Mezani utaviringika. Usiuchonge wala kuupaka saruji. Tengeneza kata, ile ile ya kubebea mzigo kichwani, kwa majani makavu ya mgomba: sokota kamba yenye unene wa vidole gumba viwili, uizungushe duara yenye upana wa theluthi moja ya tumbo la mtungi, na ufunge kwa kamba ya mkonge. Mtungi utatulia, na kata yenyewe ni pambo.

Jiwe la Kisii

Vyombo vya jiwe la Tabaka vina uzito unaotakiwa, na rangi yake ya kijivu au waridi iliyofifia hukubaliana na karibu kila jani. Shida yake ni ndani. Mchongaji huchimba tundu kutoka juu, na mara nyingi tundu hilo ni jembamba na fupi kuliko umbo la nje linavyoonyesha. Tia kijiti. Chombo cha sentimita 25 chenye tundu la sentimita 8 ni cha maua makavu, au ua moja la siku moja. Jiwe hilo ni laini, hukwaruzika kwa ukucha, kwa hiyo usilisugue kwa steelwool. Lililopakwa rangi lisiachwe na maji yakitiririka nje, rangi huweza kuchujuka. Ndani tia kijichupa.

Kioo

Faida ya kioo ni kwamba hakifichi. Maji yakianza kuwa na ukungu unaona, shina likioza unaona. Hiyo pia ndiyo adhabu yake, maana mgeni naye anaona. Ondoa kila jani lililo chini ya maji, bila huruma. Kabla ya kununua kioo cha mitumba, pitisha kidole ukingoni kutafuta mahali palipomeguka, na kiinue kwenye mwanga kutazama nyufa za kitako. Ukungu mweupe wa chumvi za maji hutoka kwa siki. Ule ambao siki haiutoi baada ya kulala usiku mzima ni kioo chenyewe kilicholiwa, hautatoka tena.

Chupa za soda za kioo, zile za mililita 300, ni vyombo bora vya ua moja moja, na kreti yake hubeba 24 zikiwa zimesimama. Kwa harusi ya meza nane, chupa tatu kila meza, kreti moja inatosha na usafiri umeshapatikana.

Bati, enameli, vikapu na vibuyu

Ndoo ya mabati hupendeza na alizeti, lakini usiitie maji yenye chakula cha maua bila kopo ndani. Chakula hicho kina asidi, asidi hula zinki ya mabati, maua yanadhurika na ndoo pia. Majagi na birika za enameli, nyeupe zenye ukingo wa buluu, hazina tatizo hilo ila pale enameli ilipobanduka. Hapo kutu itaanza.

Vikapu vya mkonge na vile vinavyosukwa kwa gugumaji lililokaushwa vitavaa ukungu vikilowa, kwa hiyo kopo ni lazima, na chini ya kopo weka sahani ya plastiki. Kibuyu nacho huoza ndani. Kiwekee chupa ndogo, au ukitumie kwa mafunjo makavu na mabua ya mtama, ambayo hayahitaji maji hata kidogo.

Chombo kinapolaumiwa bure: maji ya Nakuru

Maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya eneo hilo huvuka hapo. Maua yana kikomo chake. Gladioli, frizia na jerbera huanza kudhurika kwenye kiasi cha karibu miligramu 1 kwa lita: kingo za petali na ncha za majani hugeuka kahawia kama zilizochomwa na jua, na vichipukizi vya juu vya gladioli vinakataa kufunguka. Mtu huosha chombo mara tatu, anabadilisha chombo, na bado.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, floridi inabaki, basi unaizidisha. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani, ukiacha mvua ya kwanza baada ya kiangazi iondoke na vumbi na kinyesi cha ndege, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Lita 1.5 kwa siku mbili haitamaliza tangi lako.

Joto nalo linahesabiwa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi. Maji yakibadilishwa kila siku ya pili yanatosha. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, ina joto la kufanya maji ya chombo kidogo kuchacha kwa siku moja. Kwa hiyo Kisumu chagua tumbo kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, na ubadilishe maji kila asubuhi, ukikata sentimita 2 za kila shina kwa mshazari.

Chakula cha maua cha nyumbani kwa lita 1 ya maji ni kijiko kimoja kikubwa cha sukari, vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau, na nusu kijiko cha chai cha Jik, ile dawa ya kupaushia nguo. Koroga sukari na limau kwenye maji yote kwanza, Jik mwisho. Usikutanishe Jik na limau vikiwa havijazimuliwa, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Meza, hema na kaburi

Kwenye meza ya wageni, mpango mzima ukiwemo na chombo uwe chini ya sentimita 35 au juu ya 60. Katikati ya hapo ndipo nyuso za watu zilipo, na mgeni wa kwanza anayetaka kuzungumza na mwenzake atauhamisha sakafuni.

Kwa mazishi, ambako maua husimama nje pengine tangu asubuhi hadi jioni, tumia vyombo vifupi na vizito: chungu kipana, au ndoo yenye kokoto na kopo ndani. Chombo cha kioo kisipelekwe kaburini. Kikivunjika, vigae hubaki kwenye nyasi ambako watu watapita pekupeku kwa miaka. Kwenye gari, hasa barabara ya murram, safirisha vyombo vikiwa na theluthi moja ya maji, vimebanwa kwenye makreti au maboksi yaliyojazwa magazeti, na ujaze ukishafika. Hema likiwa na feni, chombo kisiwe mbele yake. Na kando ya ndizi mbivu au maembe usiweke karnesheni: gesi inayotolewa na matunda yakiiva huzifanya zijifumbe kama zimelala, wala hazifunguki tena.

Kuosha na kuhifadhi

Osha chombo kila unapobadilisha maua, si kila kinapoonekana kichafu. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kisha suuza kwa lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja kikubwa cha Jik, uache dakika 10, na usuuze tena kwa maji matupu. Kwa shingo isiyoingiza mkono, tia konzi ya mchele mbichi na maji ya sabuni hadi robo, ziba mdomo kwa kiganja, utikise kwa nguvu. Punje zitasugua pale brashi isipofika. Chungu cha udongo kisiguswe na sabuni yenye manukato, huinywa na kuirudisha kwenye maji ya maua yajayo. Kisugue kwa maji na brashi ya mkonge tu, kisha ukilaze juani mdomo ukielekea upande, juu ya vijiti viwili, ili hewa ipite ndani. Kikikaushwa kimefunikwa mdomo chini sakafuni, unyevu hujifungia tumboni, na ukungu mweusi utaanzia kitakoni ambako jicho halifiki.